Faiba imefika Isyesye: nivute Cat5e, Cat6 au hiyo Cat8 wanayonisukumia dukani?

#1 Mwana_Isyesye
Wakuu, salamu. Nina swali la waya wa intaneti (hizo Cat ni madaraja yake), na najua humu mpo mnaoshinda kwenye madari ya watu.

Nyumbani Isyesye, Mbeya, faiba imefungwa sebuleni kwenye nyumba ya mbele. Kifurushi cha Mbps 50. Nikichomeka laptopu hapo sebuleni kwa waya napata 48, 49, sina lawama. Shida ni nyumba ya nyuma wanakokaa wadogo zangu. Fundi alivuta waya toka kwenye ruta, ukapita darini, ukatokea nje chini ya bati, ukafuata ukuta hadi kule. Mwisho wake akaweka ruta ndogo ya kusambaza Wi-Fi. Asubuhi mambo safi. Ikifika saa sita saba mchana inaanza kukatakata, spidi inashuka hadi 9, jioni inarudi. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme.

Nimeamua nivute upya. Fundi anasema Cat6. Jirani anasema Cat5e inatosha, nisitupe hela. Duka moja pale Kabwe wananiambia faiba inataka Cat8, chini ya hapo "unaibana". Bei yenyewe nimeitazama mara mbili nikarudisha pochi mfukoni.

Nani mkweli hapo?

#2 Mpangaji Sugu
Nimeweka kambi. Mwenye karanga asogee.

#3 fundi_Mwanjelwa
Mwenye duka kakuona una haraka. Faiba yako inaishia kwenye kile kiboksi cha sebuleni. Pale mwanga unageuzwa kuwa umeme, na kuanzia hapo waya wa shaba haujui kama intaneti imekuja kwa faiba au kwa mnara. Cha kujiuliza ni spidi ngapi na umbali gani, basi.

Cat5e inabeba gigabiti 1 hadi mita 100. Wewe una Mbps 50, yaani hujagusa hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Cat6 nayo ni gigabiti 1 kwa mita 100, ila kwa umbali mfupi, kama mita 55 hivi, inaweza kufika gigabiti 10. Cat6A ndiyo inayobeba hizo 10 kwa mita 100 zote. Cat8 ilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva, gigabiti 25 na 40. Nyumba ya nyuma hakuna seva, kuna madogo wanaangalia mpira.

#4 KihesaKwetu
Kamwene. Naongezea hapo kwa fundi: Cat8 haifiki zaidi ya mita 30. Ungeinunua ingekufia njiani.

#5 Mti Mkavu
#4, hapana. Mita 30 ni kikomo cha hizo gigabiti 25 na 40. Ukiipitishia gigabiti 1 itakwenda mbali zaidi ya hapo bila shida. Cat8 tuikatae kwa sababu za kweli: ni nene, ngumu kukunja kwenye kona, ina ngao ya chuma inayotaka konekta za chuma na athi ya uhakika, na inakupa spidi ambayo huna kifaa hata kimoja cha kuipokea.

#6 KihesaKwetu
Sawa mwalimu. Na Cat7 je? Shemeji yangu Gangilonga kaifunga nyumba nzima, kila mgeni lazima aonyeshwe.

#7 Mti Mkavu
Cat7 ipo kwenye viwango vya kimataifa vya ISO, ila Wamarekani wa TIA hawakuipitisha, wao walitoka 6A wakaenda 8. Halafu Cat7 halisi ilikusudiwa konekta zake yenyewe, GG45 na TERA, siyo hii RJ45 tuliyoizoea. Kwa hiyo hizo zinazouzwa zikiwa na RJ45 tayari, mchukulie shemeji kwamba ana Cat6A yenye jina kubwa. Inafanya kazi. Asiambiwe tu, ataumia.

#8 Mzee wa Sokomatola
Vijana, swali la kwanza mmelikimbia. Kijana amesema waya uliopo unasumbua mchana. Akivuta mpya bila kujua wa zamani unaumwa nini, atavuta ugonjwa uleule. Mwanangu, ubavuni huo waya umeandikwaje?

#9 Mwana_Isyesye
Shikamoo mzee. Ni wa kijivu, umeandikwa CAT6 UTP 4PAIRS, halafu namba namba. Geji, yaani unene wa nyuzi, haikuandikwa.

#10 Mafinga Kamera
Maandishi ya ubavuni siyo hoja, hata gunia la pumba unaweza kuliandika sukari. Huo ni CCA, alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Maduka yamejaa. Mimi nafunga kamera huku Mafinga, nimeupata mpaka kwenye boksi lililoandikwa shaba tupu.

Kisa kimoja. Mteja kamera zake za PoE, umeme na picha kwenye waya mmoja, mchana zinafanya kazi, giza likiingia zinajizima na kuwaka zenyewe. Watu wakaanza kuhisi mambo ya kishirikina. Kumbe usiku kamera inawasha taa zake za infraredi, inataka umeme zaidi, na ule waya wa alumini unakula volti njiani. PoE ya kiwango cha 2003 inatoa wati 15.4 upande wa swichi, haikuhesabu waya wa namna hiyo. Tukabadilisha waya tu, kamera zilezile, swichi ileile. Zikatulia.

#11 Mpangaji Sugu
Mganga alishalipwa lakini?

#12 Mafinga Kamera
Alishalipwa, tena kabla yangu.

#13 Ipogolo_99
Njia rahisi ya kujua CCA: weka sumaku. Ukishika, feki.

#14 Mti Mkavu
Jamani. Alumini haishikwi na sumaku, shaba haishikwi na sumaku. Sumaku itakukamatia chuma tu. Ukiitegemea hiyo, CCA zote zitapita mtihani kwa daraja la kwanza.

Chukua wembe, kwangua uzi mmoja taratibu. Shaba tupu ni nyekundu hadi ndani. CCA utaona weupe. Tena ukiukunja na kuunyoosha mara kadhaa unakatika upesi kuliko shaba.

#15 Mzee wa Sokomatola
Wembe ni mzuri. Mimi napenda kipimo. Mwenye multimita afanye hivi: toa plagi zote mbili, chukua nyuzi mbili za jozi moja, upande wa nyuma zisokote pamoja, upande wa mbele pima omu, yaani ukinzani wa waya. Shaba ya geji 24 ina omu kama 8.4 kwa kila mita 100 za uzi mmoja. Waya wako ukiwa mita 50, umeme unakwenda na kurudi, jumla ni mita 100, kwa hiyo usome kwenye nane na kitu. CCA itakuzidishia nusu na ushee, utaona 13. Gusanisha kwanza ncha za multimita zenyewe, usome kinachotokea, ukitoe. Hizi multimita zetu za bei ya chai zina omu zake mfukoni.

Urefu usiukisie. Ubavuni mwa waya huwa kuna namba zinazopanda kila baada ya hatua fulani. Soma ya mwanzo na ya mwisho, toa.

#16 Bibi Parachichi
Mimi nipo Njombe, sina ufundi ila nina majeraha. Ameandika waya wa kijivu umepita nje. Jua la huku juu halina huruma na plastiki, ile ganda ya kijivu ya ndani ya nyumba inakauka, inapasuka, maji yanaingia. Wa nje unatakiwa mweusi, ganda la polithini. Wangu ulipasukia kwenye kona, maji yakatembea ndani ya waya hadi yakatokea kwenye ruta mezani. Ruta ikalia machozi.

Ndiyo maana anasema mvua ikinyesha ndiyo usiseme.

#17 Tukuyu_Mvua
Dada, huku kwetu Tukuyu hata huo mweusi unaomba msaada. Kabla waya haujaingia ukutani, uache ushuke chini kidogo kisha upande kuingia tunduni, ili maji yadondoke pale kwenye mkunjo. Na tundu litobolewe likiinamia nje. Kitu kidogo lakini mafundi wengi wanakiruka.

#18 UpepoMakambako
Mvua sawa, ila mchana? Mwenye uzi, huo waya huko darini umepita karibu na waya wa umeme? Na jirani kuna nini? Hapa Makambako kuna jamaa alikuwa anakatika kila fundi wa kuchomelea mageti wa nyuma akianza kazi. Waya wa intaneti na wa umeme haviwekwi paipu moja, hilo hata kwa usalama tu ni kosa. Ukilazimika vitembee sambamba acha angalau sentimita 20 au 30, na vikikutana vikatane kama msalaba.

#19 Ipogolo_99
Mnachosha kijana wa watu. Mchana watu wote wapo mtandaoni, mkongo unazidiwa. Mwezi wa tano 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika si nchi nzima tulilala? Hapo hakuna waya wa darini.

#20 fundi_Mwanjelwa
Ipogolo, soma #1 vizuri. Sebuleni anapata 48 na nyuma anapata 9. Mkongo ni huohuo, hauwezi kuchagua nyumba ya mbele ukaiacha ya nyuma.

Ila umenikumbusha: Mwana_Isyesye, hizo 48 za sebuleni ulizipima saa ngapi? Ulipima mchana, wakati nyuma kunasumbua?

#21 Mwana_Isyesye
Mchana, dakika hizohizo. Nilimwacha mdogo wangu nyuma na simu, mimi sebuleni. Mbele 48, nyuma 9.

#22 Dogo_Uyole
Mimi napenda kuuliza pembeni. Nina kifurushi cha 50 pia, lakini nikishusha faili naona 6 tu. Nimeibiwa?

#23 KihesaKwetu
Hujaibiwa. Kifurushi kinahesabiwa kwa biti, faili linahesabiwa kwa baiti. Baiti 1 ni biti 8. Gawanya 50 kwa 8 upate 6.25. Ukiona 6 mshukuru Mungu na mtoa huduma wako, kwa mpangilio huo.

#24 Dogo_Uyole
Ndaga. Nilishaandika barua ya malalamiko kurasa mbili.

#25 Mwana_Isyesye
Wakuu nimerudi, nina vipimo.

Kwanza laptopu. Nimechomeka moja kwa moja kwenye waya wa nyuma bila ile ruta ndogo. Asubuhi inaonyesha kiungo (spidi ambayo laptopu na ruta zimekubaliana kwenye waya) cha Mbps 100. Saa saba mchana kinaonyesha 10. Sebuleni laptopu hiyohiyo inaonyesha 1000.

Pili namba za ubavuni: mwanzo 0412, mwisho 0571. Hiyo ni mita 159? Kwa macho haifiki.

Tatu omu. Multimita ya kuazima, ncha zake zikigusana inasoma 0.5. Jozi ya kahawia imesoma 12.6.

Nne wembe. Nimekwangua, juu shaba, ndani naona kama nyeupe kama si nyeupe. Darini giza, tochi ya simu mdomoni.

#26 Mzee wa Sokomatola
Safi sana. Angalia tena, baada ya hizo namba kuna FT. Futi 159 ni mita 48 na nusu. Shaba ya geji 24 ingesoma karibu 8.1. Wewe ukitoa nusu una 12.1. Huo waya siyo ulioandikwa.

#27 Mafinga Kamera
CCA! Nilisema #10. Nakunywa soda.

#28 Mti Mkavu
Soda isubiri. 12.1 inaweza kuwa CCA ya geji 24, na inaweza kuwa shaba halali lakini nyembamba ya geji 26. Geji 26 ina omu kama 13.4 kwa mita 100, kwa urefu wake ingesoma 13. Yote mawili yako jirani na kipimo cha multimita ya kuazima. Zote ni wizi, ila ni wizi tofauti.

Na zote hazielezi peke yake kwa nini asubuhi hapati 1000.

#29 Bibi Parachichi
Kwani 100 na 50 ipi kubwa? Si kifurushi chake ni 50? Asubuhi kiungo cha 100 kinamtosha, na ndiyo maana asubuhi hana shida. Ugomvi ni ile 10 ya mchana tu. Ukipima kwenye kiungo cha 10 lazima upate tisa na kitu.

#30 Mti Mkavu
Dada umeona mbali kuliko sisi wenye multimita.

#31 fundi_Mwanjelwa
Hapohapo. Gigabiti inatumia jozi zote nne. 100 na 10 zinatumia jozi mbili tu, pini 1 na 2, 3 na 6. Kushindwa 1000 asubuhi kunaniambia kuna jozi hazipo sawa. Nisomee rangi kwenye plagi, ile kiswahili (kipini cha plastiki) ikiwa chini, kuanzia kushoto.

#32 Mpangaji Sugu
Kiswahili ikiwa chini? Fundi hiyo simu yako inakuandikia nini.

#33 fundi_Mwanjelwa
Kishikio! Simu hii.

#34 Mwana_Isyesye
Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zinafanana. Fundi wangu alipima na testa, taa zote nane ziliwaka kwa mpangilio.

#35 fundi_Mwanjelwa
Tumempata.

Mpangilio wa B unaotumika sana ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia pini ya 3 na ya 6. Kwenye B ni nyeupe-kijani na kijani, yaani mke na mume waliosokotwa pamoja. Kwako pini ya 3 ni nyeupe-bluu na ya 6 ni kijani, watu wawili wasiojuana. Ule msokoto ndio unaofuta kelele za umeme kutoka nje na za jozi jirani. Ukitenganisha jozi, msokoto unabaki pambo.

Testa ya taa haiwezi kuliona hilo. Yenyewe inauliza tu, pini 1 imefika pini 1? Imefika. Hii kauli ya "ilimradi pande zote zifanane" imezika waya nyingi hapa mjini. Kwenye mita 2 haitajulikana. Kwenye mita 48, darini, imejulikana.

#36 UpepoMakambako
Na sasa hoja yangu ya #18 imepata miguu. Jozi imetenganishwa, kelele haifutwi, jirani akiwasha mashine mchana kiungo kinaanguka. Jirani kuna nini?

#37 Mwana_Isyesye
Kuna mashine ya kusaga, ukuta kwa ukuta. Inaanza asubuhi lakini, siyo mchana. Mchana ndiyo foleni ya wateja inakuwa kubwa.

#38 Mzee wa Sokomatola
Mashine ingekuwa ndiyo sababu, asubuhi ikianza angekatika. Mimi naona joto. Darini chini ya bati saa saba ni kama tanuru, na ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii. Joto likizidi digrii 30 juu ya la asubuhi, waya uliokuwa na omu 12 unakaribia 13 na nusu, na mawimbi nayo yanafifia zaidi. Waya mzima usingejali. Wa kwake ulikuwa ukingoni tangu mwanzo.

#39 UpepoMakambako
Mzee wangu, Mbeya na joto wapi na wapi.

#40 Mzee wa Sokomatola
Panda darini saa saba mwezi wa kumi, kisha uje tuongee. Upepo wa kwenu Makambako umewaharibu, mnadhani kila dari linapepewa.

#41 Bibi Parachichi
Na mvua mmeshaisahau. Joto halinyeshi.

#42 KihesaKwetu
Kuna jambo hamjaliuliza. Ile ruta ndogo ya nyuma adapta yake inachomekwa wapi? Iringa nilikuwa na moja, umeme ukiwa mdogo mchana inajiwasha upya. Lawama zote zikaenda kwenye waya.

#43 Mti Mkavu
Alitoa ruta, akachomeka laptopu moja kwa moja, bado ikasoma 10. Ruta ina kinga ya mahakama.

#44 Dogo_Uyole
Kwa nini msimwambie aweke mesh tu, zile ruta zinazopokezana Wi-Fi hewani, asivute waya kabisa?

#45 fundi_Mwanjelwa
Tofali la kuchoma kuta mbili, bati, halafu uwanja katikati. Masafa ya 5 GHz hapo yanafika yamechoka, 2.4 yanafika lakini yanagombana na ya majirani. Inawezekana, watu wanafanya. Ila mesh nayo ukiiunganisha kwa waya ndiyo inatulia, tunarudi palepale.

Mwana_Isyesye, nunua plagi mbili tu, kata ncha, funga upya kwa B. Usisokotoe sana jozi wazi, acha sentimita moja hivi ya kuingia kwenye plagi. Na hakikisha plagi ni za waya wa uzi mmoja mgumu, siyo za nyuzi laini nyinginyingi kama za patchi. Utupe majibu.

#46 Mwana_Isyesye
Nimefunga upya. Ripoti:

Asubuhi: 1000. Kwa mara ya kwanza.
Mchana wa jua: inashuka 100, haishuki tena 10. Spidi inapimwa 47. Madogo hawajalalamika.
Jumapili mashine ya kusaga imefungwa na jua lilikuwa kali: 100 vilevile.
Juzi mvua ya jioni: ikakatika kabisa kwa muda, ikarudi yenyewe.

#47 Mzee wa Sokomatola
Jumapili mashine imefungwa na bado imeshuka. Joto.

#48 UpepoMakambako
Mashine imefungwa lakini waya wa umeme wa darini haujafungwa. Hatujui umepita wapi.

#49 Mafinga Kamera
Imetoka 1000 ikaenda 100 kwa sababu jozi moja haihimili. Alumini ikipata joto na baridi inalegea kwenye meno ya plagi. CCA. Soda yangu ipo palepale.

#50 Bibi Parachichi
Mvua. Kuna mahali ganda limepasuka. Panda ngazi uangalie kona ya nje.

#51 fundi_Mwanjelwa
Mimi kwa plagi mbili nimeitoa mchana kwenye 10 hadi 100, asubuhi kwenye 100 hadi 1000, wengine endeleeni kubishana. Kwa kifurushi cha 50 kiungo cha 100 kinatosha. Kilichobaki ni mvua, na hicho kipande cha nje ungekibadilisha kwa mweusi wa shaba tupu. Cat5e ya nje inatosha. Ukikuta Cat6 ya nje kwa tofauti ndogo ya bei chukua, waya hauvutwi kila mwaka.

#52 Mti Mkavu
Kipande kwa kipande maana yake kiungio katikati, darini, kwenye unyevu. Avute mzima mmoja.

#53 Tukuyu_Mvua
Akishapanda kuvuta nje kati ya nyumba mbili, kwa nini asivute faiba? Radi. Huku msimu ukianza, waya wa shaba kati ya nyumba na nyumba ni mwaliko. Radi ikipiga karibu, umeme unasafiri kwenye waya na kuua ruta pande zote mbili. Faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme. Vigeuzi viwili vidogo vya kugeuza mwanga na umeme, kimoja kila upande, basi.

#54 Mti Mkavu
Naunga mkono, ila angalia kebo yenyewe. Zile nyeusi za kutoka nguzoni hadi nyumbani nyingi zina uzi wa chuma wa kuzishikilia. Kioo hakipitishi, chuma kinapitisha. Uzi huo ufungwe ukutani nje, usiingie ndani kwenye vifaa. Na adapta za vigeuzi bado ziko kwenye umeme wa nyumba, faiba haizikingi.

Wengine watamwambia anunue waya wa shaba wenye ngao. Kati ya nyumba mbili zenye athi tofauti simshauri, ngao inaweza kuwa barabara ya umeme wa athi moja kwenda nyingine. Ukiweka plagi za plastiki bila athi kabisa, ngao hiyo umeilipia bure.

#55 KihesaKwetu
Faiba si inakatika ukiikunja tu?

#56 fundi_Mwanjelwa
Za zamani ndiyo zilikuwa na deko. Zile za majumbani za aina ya G.657.A2 zinavumilia mkunjo wa nusu kipenyo milimita 7.5. Kinachowaua watu ni konekta: ya kijani imekatwa mshazari, ya bluu imenyooka. Usichomeke kijani kwenye bluu, mwanga utapotea pale. Halafu kuna uchafu. Kidole kimoja kwenye ncha kinatosha kuharibu siku.

#57 Bibi Parachichi
Ikivutwa angani iwe mbali na miti. Wangu ulipita katikati ya maparachichi, msimu wa kupogoa kibarua akapogoa na intaneti.

#58 Mpangaji Sugu
Parachichi zikapelekwa nje ya nchi, wewe ukabaki nje ya mtandao.

#59 Mwana_Isyesye
Asanteni wakuu. Nimepanda kwenye kona ya nje, ganda lina ufa kweli, ila ni mdogo na uko upande wa juu ambako maji hayafiki kirahisi, kwa hiyo bado sijui. Kwa sasa nimeelemea Cat6 nyeusi ya nje, mita 60, mzima mmoja. Faiba na vigeuzi nitauliza bei, kama hazipishani sana nitarudi hapa tubishane upya. Jumamosi nashuka Mwanjelwa na wembe na multimita ya jirani.

#60 Mafinga Kamera
Mwambie muuzaji akate sentimita 20 mbele yako, ukwangue palepale juani kabla hujatoa hela. Akikataa, ondoka.

#61 Mpangaji Sugu
Na wembe uufunge kwenye karatasi, usije ukaonekana sokoni unakwangua mifuko ya watu.

#62 Dogo_Uyole
Mwana_Isyesye, huo wa zamani mita 48 usitupe. Nipo Uyole, naufuata. Nina banda la kuku linataka kamera.

#63 Mafinga Kamera
Dogo, rudi ukasome #10.